Ng'ombe wa Pembe na Tenki Linalovuja

Musa hakujua petroli, lakini alijua ng'ombe. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, kuna sheria ninayoipenda kuliko inavyompasa mtu wa kazi yangu. Ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe atauawa kwa mawe na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe yule alikuwa na mazoea ya kupiga, mwenyewe akaonywa, naye asimfunge, basi ng'ombe atauawa na mwenyewe pia amestahili kufa. Pembe ni zile zile na maiti ni yule yule. Tofauti ni kwamba huyu wa pili alijua.

Mimi ni fundi wa magari hapa Bwera. Gereji yangu iko pembeni mwa barabara iendayo mpakani Mpondwe, na Jumapili ambayo padre hakufika, mimi ndiye ninayeongoza ibada ya kigango. Ufundi nilijifunzia Butembo kwa ndugu zetu Wanande, na Kiswahili hiki nilikitoa huko huko. Magari ninayolala chini yake ni ya pande mbili: yenye usukani wa kulia, ya kwetu Uganda, na yenye usukani wa kushoto yanayovuka daraja la mto Lhubiriha kutoka Kasindi. Yakizeeka, yote hunuka petroli kwa namna moja.

Swali langu ni la dini kabla halijafika kwenye spana. Dereva anajua gari lake linavuja. Asubuhi anapiga ishara ya msalaba, anapakia abiria, anapita nao Kinyamaseke na Kikorongo mpaka Kasese, na jioni anarudi mzima. Anasema Mungu amemlinda. Je, hiyo ni imani, au ni jina zuri alilolipa jambo jingine?

Gari lenyewe mara nyingi ni Toyota Corolla ya miaka ya mwanzo ya tisini, ile tunayoiita Kikumi. Tangu 2018 sheria ya Uganda imekataza kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15 tangu yatengenezwe, lakini yaliyokwisha kuingia hayakufukuzwa. Yanazeeka nasi. Kwenye steji, Kikumi inabeba watu wanne nyuma na wawili kando ya dereva, na siku ya soko usihesabu. Sasa inua mto wa kiti cha nyuma. Utakuta kifuniko cha bati, na chini yake pampu ya petroli, imekaa juu ya tenki. Maana yake, mama aliyempakata mtoto wake nyuma kule amekaa juu ya mahali penyewe tunapopazungumzia.

Kijana mmoja wa Kasindi, mwenye heshima zake, aliniletea Kikumi nimtengenezee breki. Nilipofungua mlango wa nyuma harufu ikanipokea kabla ya salamu.

“Hii petroli inatoka wapi?” nikamuuliza.

“Papa, ile harufu ni ya zamani. Mungu anatuchunga.”

Juu ya kioo alikuwa amebandika Zaburi ya 91, ile ya malaika walioagizwa kukulinda usijikwae mguu. Ni zaburi nzuri. Ila kila ninapoiona kwenye kioo cha gari nakumbuka ni nani aliyeitumia katika Injili ya Matayo, sura ya 4. Shetani alimpandisha Yesu juu ya mnara wa hekalu akamnukulia maneno hayo hayo, kwamba ajitupe kwa kuwa malaika wapo. Yesu hakubisha kwamba malaika wapo. Alijibu tu kwamba Mungu hajaribiwi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika karne ya 13, aliliweka jambo hili kwenye orodha ya dhambi na kulifafanua kwa namna ambayo fundi anaielewa: anayeacha kufanya lililo ndani ya uwezo wake, kisha akangoja msaada wa Mungu, anamjaribu Mungu, hata kama nia yake si kumjaribu.

Kwa hiyo yote yanarudi kwenye uwezo. Uwezo wa dereva wa Bwera ni kiasi gani?

Nianze na uwezo wa kujua, maana huo ni wa bei rahisi kuliko watu wanavyodhani. Muulize mwenye gari harufu huja lini. Ikija baada ya kujaza tenki mpaka juu, ubovu uko juu: mpira wa shingo ya kujazia, au raba ya kifuniko cha pampu. Petroli ikishapungua harufu inapotea, na dereva anashukuru kana kwamba ameombewa. Ikija asubuhi injini ikiwa baridi, kisha ikapungua injini inapopata moto, shuku oringi za injekta. Raba kuukuu imekakamaa, joto likija inatanuka kidogo na kuziba. Ukikuta doa chini mahali gari lilipolala, tazama tenki lenyewe na mabomba yanayopita chini ya bodi, yale ambayo mawe ya barabara za milimani huyapiga kila siku. Na kwenye Kikumi usisahau filta iliyo upande wa injini. Bomba lake limefungwa kwa bolti yenye tundu, na kila upande wa bolti kuna wosha laini inayobanwa mara moja tu katika maisha yake. Mafundi wengi wakibadilisha filta huzirudisha wosha zile zile. Hapo ndipo harufu ya zamani huanzia.

Kisha osha mahali unapopashuku kwa maji na sabuni, kausha, tandaza boksi lililokunjuliwa chini ya gari. Kikumi haisukumi petroli kwa kufungua ufunguo peke yake, lakini kwenye kisanduku cha uchunguzi ndani ya boneti kuna tundu lililoandikwa FP na jingine +B; ukiyaunganisha kwa kipande cha waya kisha ukafungua ufunguo, pampu inalia injini ikiwa imetulia. Hapo unachungulia kwa tochi uliyoiwasha ukiwa mbali. Mahali panapolowa kwanza ndipo penyewe. Palipo na matone mengi huenda ni mahali yanapodondokea tu, maana petroli hufuata bomba kwa urefu wa mkono kabla ya kuanguka. Kabla ya kufungua kiungo chochote, ondoa waya wa betri wa upande hasi na uache shinikizo lishuke. Na tazama nani yuko jirani. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa, kwa hiyo jiko la mkaa la mama wa chai, hata likiwa hatua kadhaa, lihesabu kuwa liko ndani ya gereji yako.

Haya yote hayahitaji mashine. Yanahitaji muda usiofika asubuhi nzima, na moyo wa kukubali utakachokiona. Nadhani dhambi ya gari linalovuja huanza pale. Wengi hatufiki hatua ya kusema, “najua na sitatengeneza.” Tunaishia nyuma yake, kwenye kutoinua mto wa kiti.

Padre mmoja aliyewahi kukaa nasi alinisimulia habari za Mwingereza aitwaye Clifford, mtu wa hesabu, aliyeandika mwaka 1877 juu ya mwenye meli kuukuu. Mwenye meli ana wasiwasi kwamba chombo chake hakifai tena baharini na matengenezo ni ghali. Anajibembeleza. Meli imekwisha kwenda safari nyingi ikarudi, na Mungu hawezi kuziacha familia zile zizame. Mwishoni anaamini kwa moyo wote, anaiaga meli kwa furaha, na ilipozama anapokea fidia ya bima. Clifford anasema ana hatia. Kisha anasema neno lililonifanya nimwombe padre arudie: hata meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ile ile, ila tu isingegunduliwa. Imani yake ilikuwa ya kweli, lakini hakuwa na haki ya kuwa nayo, kwa sababu aliipata kwa kuuzima wasiwasi wake badala ya kuuchunguza.

Ndilo jibu langu kwa “amenilinda mpaka leo.” Safari zilizopita salama si cheti. Mpira unaopasuka hupasuka taratibu kwa miaka, na kila siku uliyofika Kasese umefika ukiwa umechakaa zaidi ya jana.

Hata hivyo nina ugomvi na Clifford. Mwenye meli wake alikuwa na bima. Dereva wangu wa Kasindi hana hata gari. Gari ni la bosi aliyeko mjini, naye kila jioni anataka hesabu yake. Akiambiwa habari za petroli inayovuja, bosi hujibu, “Usiniletee maneno, niletee pesa.” Basi mwenye ng'ombe ni nani? Anayejua hana mali, na mwenye mali amehakikisha kwamba hajui. Musa alimfikiria mkulima mmoja na zizi moja. Siku hizi wako wanaolipa watu wengine wawajulie mambo yao ili wao walale usingizi. Kwa maoni yangu bosi yule ameonywa siku aliyokataa kusikia, na kama kuna hukumu ya haki mahali popote, dereva atasimama nyuma yake kwenye foleni.

Ila kusimama nyuma kwenye foleni si kutoka kwenye foleni. Naijua bei ya petroli na naijua bei ya mpira. Tone moja kila sekunde, kama tenki lenyewe ndilo linalovuja usiku na mchana, ni lita nzima na zaidi kwa siku. Hiyo ni pesa inayoingia ardhini kila siku. Wosha mbili za filta, au nusu mita ya mpira na klipu zake, ni chini ya hasara ya siku chache. Uvujaji wa harufu tu, usiotoa tone, hauli pesa kiasi hicho, na ndiyo maana ni mbaya zaidi: haumsumbui mtu mfukoni, na mvuke ndio unaoshika moto.

Katika Mambo ya Walawi, sura ya 5, kuna sheria ya sadaka ya dhambi. Mwenye uwezo alete mwanakondoo. Asiyeweza mwanakondoo alete njiwa wawili. Asiyeweza njiwa alete unga kidogo. Hakuna anayeachiliwa mikono mitupu na hakuna anayedaiwa kilicho juu ya uwezo wake. Nimeichukua sura ile nikaigeuza kuwa orodha ya bei ya gereji. Mwanakondoo ni tenki zima lisilo na kutu na mabomba mapya. Sijamwona akiletwa Bwera mara nyingi. Njiwa ni kubadilisha kile tu kinachovuja, lakini kwa kitu chake halali. Hapo ndipo ninapogombana na wateja. Urahisi upo wa aina mbili. Mpira wa kabureta ni rahisi, lakini mfumo wa injekta unasukuma petroli kwa shinikizo karibu mara tatu ya lile la hewa tunayovuta. Mpira ule utavimba, utapasuka, na safari hii petroli itaruka kwa mchirizi juu ya injini yenye moto. Bomba la maji la plastiki linalainika na kuyeyuka. Waya wa kufungia mahali pa klipu unakata raba. Hivyo si njiwa, ni manyoya ya njiwa.

Kipande cha sabuni ya kufulia kilichosuguliwa kwenye kitundu cha tenki kinashika kweli, kwa sababu sabuni haiyeyuki kwenye petroli kama inavyoyeyuka kwenye maji. Nakikubali kwa safari moja, ya kuja gereji, gari likiwa tupu. Gundi ya sehemu mbili, ile inayochanganywa ikawa ngumu kama chuma, inadumu zaidi kama kutu imekwanguliwa mpaka bati ling'ae. Kuchomelea tenki sifanyi. Watu wanadhani tenki tupu ni salama, kumbe lililojaa linawaka tu, na lililomwagwa lina mvuke uliochanganyika na hewa, ambao hulipuka. Anayejua kazi ile huliosha mara nyingi, kisha hulijaza maji mpaka karibu na tundu asiache nafasi. Nimeona wanaoharakisha.

Na unga? Unga ni kuegesha. Asiye na pesa ya wosha mbili leo ana uwezo wa kutopakia watu leo. Naambiwa hilo ni neno la mtu aliyeshiba, kwa kuwa siku moja bila steji ni siku moja bila chakula nyumbani. Ni kweli, na sina jibu la kulifuta. Lakini unga wa maskini katika Walawi nao ulikuwa chakula chake. Aliutoa kutoka kwenye kile alichokuwa ale.

Jirani yangu anayeniuzia vipuri ni Mwislamu, tunamwita Alhaji, na jambo hili kwake lina njia fupi. Anasema Mtume alikwisha kukataza kujidhuru na kudhuru wengine, na yule bedui aliyeuliza kama amwache ngamia wake kwa kumtegemea Mungu aliambiwa amfunge kwanza ndipo ategemee. “Huyu kijana wako,” akaniambia akikata mpira, “ngamia hajamfunga, na tena amempandisha mama wa watu juu yake.”

Neno hilo la mama wa watu ndilo linalonisumbua kuliko yote, kwa sababu linanihusu mimi. Moto una tabia ya kutobaki kwa mwenyewe. Kutoka, sura ya 22, inasema aliyewasha moto ukashika miiba na kuteketeza nafaka ya mwingine lazima alipe, na sababu inaeleweka kwa yeyote anayekumbuka Sange, kule Kivu Kusini, tarehe 2 Julai 2010. Lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja kuchota, likalipuka. Waliokufa walizidi 200, na wengi wao hawakuwa wamechota tone. Walikuwa wamekaa kwenye banda wakitazama Kombe la Dunia. Karibu na kwetu, pale Kyambura katika wilaya ya Rubirizi, Agosti 2019, lori la mafuta lilimshinda dereva sokoni, na moto ukawapata watu wa magari mengine na wa madukani. Hayo ni malori, najua, si Kikumi. Lakini ukubwa wa tenki haubadilishi nani alikuwa na habari na nani hakuwa nazo.

Katika Ezekieli, sura ya 33, mlinzi aliyeona upanga ukija asipige tarumbeta, damu itadaiwa mkononi mwake. Akipiga na mtu asisikie, mlinzi amejiokoa. Kwa miaka mingi sura hiyo ilinipa amani: nimemwambia dereva, nimepiga tarumbeta, naenda kula. Siku ya kijana wa Kasindi amani hiyo ilikataa kuja. Breki zilikuwa tayari, wosha mpya za filta, kwa kuwa zile kuukuu ndizo zilizokuwa zikivuja, alizikataa, akalipa, akaondoka kwenda steji. Tarumbeta yangu ilikuwa imesikiwa na mtu mmoja. Wale ambao upanga ulikuwa unawajia hawakuisikia.

Nikamfuata steji. Gari lilikuwa limejaa nusu. Niliwaamkia abiria, nikawaambia kwa Kikonzo na kwa Kiswahili kwamba gari hili linavuja petroli, dereva anajua, na kulitengeneza ni kazi ya muda mfupi. Kijana akaniangalia kama mtu aliyevuliwa shati sokoni. “Papa,” akasema, “sasa unanifungia riziki.” Mzee mmoja akashuka. Msichana mwenye sare ya shule akashuka. Mama aliyekuwa nyuma hakushuka. Alisema harufu ameisikia tangu alipoingia, na kwamba ana mgonjwa katika hospitali ya Kagando anayengoja chakula, akateremsha kioo.

Namfikiria sana mama yule. Yeye pia alijua sasa, na alikuwa amechagua kwa ajili yake mwenyewe, lakini mtoto aliyempakata hakuchagua kitu. Siwezi kumwita mzembe. Siwezi pia kusema kwamba kuteremsha kioo kulibadilisha chochote, isipokuwa kumpunguzia harufu, yaani kumpunguzia kujua. Steji nzima ilinigeukia, wengine wakisema fundi anatafuta kazi, na mtu asiyependa kusikia hilo asiwe fundi wa mji mdogo.

Dereva akazima injini. Sijui kama ni kwa aibu au kwa sababu viti viwili zaidi vilikuwa wazi. Tulimhamishia mama kwenye gari lingine, tukarudi gereji, nikabadilisha wosha na kipande cha mpira ambacho nacho kilikuwa kimeanza kuchanika. Pesa hakuwa nayo. Aliyokuwa nayo ilikuwa ya bosi. Nikamkopesha.

Kukopesha nako kuna sheria yake. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, linakataza kuchukua jiwe la kusagia liwe rehani, kwa sababu ni kuchukua uhai wa mtu. Gari ndilo jiwe la kusagia la dereva, kwa hiyo ufunguo siushiki. Tairi la akiba silishiki pia. Likipasuka moja mbugani baada ya Kikorongo, jioni, nitakuwa nimemtoa kwenye moto nikamwacha na simba. Nilikaa nikatafuta ni nini ndani ya Kikumi kinaweza kung'olewa bila kumzuia mtu kula wala kumtia hatarini, na bado akakitamani.

Nashika redio. Ziko kadhaa kwenye rafu yangu sasa, kila moja imefungwa karatasi yenye namba ya gari na kiasi cha deni. Wanalipa haraka ajabu, hasa wiki za mechi za Ligi Kuu ya Uingereza. Yule wa Kasindi alilipa kabla ya wiki kwisha, akaja kuichukua, na alipokuwa akiifunga akaniomba nimtazamie pia gari la rafiki yake, linalonuka asubuhi tu, injini ikiwa bado baridi.